Tofu ya Mutanga Sud haina kibao

Ukiuliza duka la tofu Mutanga Sud, utaelekezwa kwa mtu. "Umungoje mama wa ndoo nyeupe, anapitaka saa kumi." Ukishikilia kwamba unataka duka, utapelekwa kwenye alimentation ya pembeni (hata tukiongea Kiswahili hatulipi duka hilo jina jingine), na mwenyewe atakagua kwa macho sabuni, mafuta, mchele, na ule mwanya wa sukari ambao siku nyingi ni mwanya mtupu, kisha atakwambia ushuke mjini. Mtaa huu wa Bujumbura umepakana na Kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi. Una wahadhiri, wanafunzi wa kupanga chumba, watumishi wa mashirika, wastaafu wenye miembe uani, Waadventista wasiogusa nguruwe na Wakatoliki wanaohesabu Ijumaa za Kwaresima. Wote hao nimewahi kuwaona wakila tofu. Kibao kilichoandikwa tofu sijakiona hata kimoja.

Jambo hili halikuwa linanisumbua mpaka alipokuja mpwa wangu aliyekulia Ubelgiji. Hali nyama, na ugonjwa hana, ameamua tu. Siku ya pili alinikabidhi karatasi: tofu laini ya supu, tofu ngumu ya kukaanga, tofu ya moshi, tofu iliyokwisha kukaangwa. "Mjomba, kila moja inauzwa wapi?" Mimi nilijua tofu moja tu, ile ya kwenye mshikaki. Niliona haya kidogo, maana ningemuuliza yeye aina za samaki wa ziwa letu asingetofautisha mukeke na sangala, lakini hapa alikuwa ananiuliza kuhusu mtaa wangu mwenyewe. Tukatumia Jumamosi mbili kuzunguka.

Tulianza mjini, kwa sababu ndiko kila mtu alikotuelekeza. Katika duka kubwa moja tulikuta pakiti mbili ndani ya jokofu la kioo, zimelala kati ya siagi na soseji, maandishi yake ya Kiholanzi na Kifaransa. Moja tarehe yake ilikuwa imepita wiki tatu. Nyingine ilikuwa salama, lakini kwa bei yake ningenunua kilo kadhaa za soya sokoni Ruvumera, nikakodi na mtu wa kunibebea. Mpwa wangu aliigeuza, akasoma, akairudisha. "Hii tunanunua kwetu tukiwa na haraka," alisema. Kwa hiyo kile tunachokiheshimu sisi kwa kukiweka nyuma ya kioo, wenyewe wanakinunua siku ya uvivu.

Tukaenda kwenye kabare. Hapo tofu haikosekani: vipande vya mraba kwenye kijiti, kitunguu na pilipili hoho katikati, ndizi za kukaanga pembeni, bia kwa anayekunywa. Mchomaji, kijana hodari kweli, alikuwa ameipaka viungo na rangi mpaka ikawa nyekundu kama mbuzi. Akatuletea akijisifu: "Muzee, utakula ukisema ni nyama." Nilikula. Haikuwa nyama. Ilikuwa sponji ya chumvi yenye moshi mzuri, na nilipoimaliza nikawa bado sijui tofu ina ladha gani.

Nadhani kosa letu linaanzia pale. Tumeikubali tofu kwa sharti kwamba ijifanye kitu kingine. Kwenye kijiti ni mbuzi wa bei nafuu, nyumbani ni nyama ya mwisho wa mwezi, na anayeila mshahara ukiwa umeingia anaulizwa kama ameokoka au daktari amemkataza. Chakula kinachouzwa kwa jina la chakula kingine hakiwezi kuwa na aina. Mbuzi bandia ni mbuzi bandia tu. Nani ataomba mbuzi bandia laini, mbuzi bandia wa supu? Ndiyo maana karatasi ya mpwa wangu ilikuwa na mistari minne na mji wangu ulikuwa na jibu moja.

Jumamosi ya pili tulimngoja mama wa ndoo.

Alifika saa kumi na robo. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko, ndani maji, ndani ya maji matofali meupe ya tofu yenye alama za kitambaa. Mpwa wangu akauliza kwa Kiswahili chake cha Brussels kama ana ya laini. Mama akacheka. "Ya laini? Iyo haiyaiva bado, mwanangu. Nani anakulaka iyo?" Wakabishana kwa upole, mmoja akionyesha picha kwenye simu, mwingine akitikisa kichwa, mpaka mama akasema basi, mje asubuhi kwangu mwone. Anakaa chini zaidi, kuelekea Nyakabiga, chumba na ua mdogo. Tulifika saa kumi na mbili, na yeye alikuwa ameamka saa tisa usiku.

Nieleze kidogo kinachofanyika pale, maana aliyekulia pwani au aliyewahi kukuna nazi ataelewa mara moja. Soya inalowekwa usiku kucha, kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili, mpaka punje inavimba zaidi ya maradufu. Inasagwa na maji. Inachujwa kwenye kitambaa kwa kukamuliwa, kama unavyokamua tui, na kinachobaki kitambaani ni machicha, kwa kila hali kama machicha ya nazi. Yale maziwa yanachemshwa, na hapo hakuna njia ya mkato: soya mbichi ina viini vinavyolizuia tumbo kusaga protini, na moto ndio unaoviharibu. Povu linapanda kwa hasira, asiyekuwa macho analimwaga jikoni. Maziwa yakishatulia kidogo unatia kigandishi. Wachina wamezoea jasi au chumvi chungu iliyotolewa katika maji ya bahari. Mama wetu anatumia ndimu, na ndimu zikipanda bei anatumia siki, au maji chachu aliyoyaweka kutoka tofu ya jana. Anakoroga mara mbili tatu, anaacha. Ghafla maziwa yanakatika, mabonge meupe huku, maji ya njano kule.

Mabonge hayo ndiyo yanayomiminwa kwenye kikapu chenye kitambaa na kuwekewa jiwe juu. Jiwe la nusu saa na zaidi linatoa tofali gumu la kijiti. Mpwa wangu alimwomba asubiri. Akachukua bakuli, akachota mabonge kabla ya jiwe, akatia chumvi chembe na kitunguu cha majani, akala akiwa amesimama. Akamchotea mama. Mama akaonja, akanyamaza, akaonja tena. "Kumbe munakulaka na hii?" Tofu nyingine akaitoa chini ya jiwe baada ya dakika kumi hivi, ikawa inatetemeka kama mtindi mzito lakini inashikika. Iliyobaki ikakaa mpaka mwisho kwa ajili ya wateja wa kila siku. Vipande vitatu vya hiyo ngumu akavitupia mafutani.

Kwa hiyo mistari mitatu kati ya minne ya ile karatasi ilitoka kwenye sufuria moja, asubuhi moja, ndani ya ua usiozidi hatua nane. Na wa nne, ule wa moshi, ulikuwa ni suala la kuacha tofali juu ya makaa yanayozimika, kazi ambayo yule kijana wa kabare anaifanya kila jioni bila kujua kwamba huko Ulaya tofu hiyo inafungwa kwenye plastiki na kuuzwa ghali.

Nikamuuliza mama kwa nini hauzi hiyo laini. Hakunielewa. Hakuna mtu aliyewahi kuiomba.

Tumezoea kufikiri kwamba aina za bidhaa zinaletwa na duka: likifunguliwa duka kubwa zaidi, tutapata aina nyingi zaidi. Kwa tofu sivyo. Tofauti ya laini na ngumu ni dakika chini ya jiwe, na zile dakika zinaamuliwa na mnunuzi. Tunamlaumu mwenye ndoo kwamba ana aina moja, na sisi tumekuwa tukimwomba aina moja hiyo hiyo, iliyokauka vya kutosha kuvumilia kijiti.

Wazee wenzangu watasema: ni anasa hii, nchi ina njaa na wewe unachagua ulaini. Naomba niwajibu taratibu, maana hoja yao ina uzito. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2016–2017 ulikuta watoto 56 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini Burundi wamedumaa. Ni miongoni mwa viwango vya juu kabisa duniani. Soya kavu ina protini karibu asilimia 36, wakati maharagwe yetu ya kila siku hayafiki 25. Upande wa ziwa mambo hayaelekei kuwa rahisi: mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi kwenye upande wake wa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapumzike, na ndagala wa bei ya zamani sidhani kama tutawaona tena. Wataalamu wa lishe wanaijua thamani hiyo ya soya tangu zamani, na ndiyo maana sisi Warundi wengi tulikutana na soya kwa mara ya kwanza ndani ya uji wa Musalac, kama Wanyarwanda walivyokutana nayo ndani ya Sosoma, ambayo jina lake lenyewe limeshonwa kutokana na mtama, soya na mahindi kwa Kifaransa.

Lakini tazama mlango ilioingilia. Soya iliingia nyumbani kwetu kupitia mtoto mgonjwa. Mimi naikumbuka kwenye kikombe cha bati, foleni ya akina mama, mizani inayoning'inia na mtoto ndani yake akilia. Chakula kilichokuja na mizani kinabaki na harufu ya mizani. Mtu akishanenepa, akishapata kazi, anataka kukiacha nyuma pamoja na kumbukumbu zake. Ndiyo maana anayetaka kutuuzia soya ukubwani anaona aivalishe ngozi ya mbuzi kwanza. Ukiniambia kwamba ulaini ni anasa, nitakwambia kwamba dawa tumekwisha kuipata na hatukuipenda; labda tujaribu chakula. Mtoto anakula anachokiona baba yake akikigombea, na sijawahi kumwona baba akigombea dawa.

Kwamba inawezekana, Kano ni ushahidi. Kule kaskazini mwa Nigeria soya si zao la asili, kama lisivyo kwetu, na tofu pia ni ya kufika. Wahausa wanaiita awara. Wanawake wanaikaanga barabarani jioni, inaliwa moto na unga wa pilipili, na anayenunua anaomba awara. Wamefanya kazi mbili ambazo sisi hatujazifanya: wameipa jina na wameipa saa yake. Kwa upande mwingine wa dunia, Kyoto nchini Japani, wasafiri wanatembea hadi karibu na hekalu la Nanzen-ji ili wakae sakafuni na kula tofu laini iliyochemshwa kwa maji, karibu bila kitu kingine, na wanalipa vizuri. Wachina, ambao hadithi zao humpa sifa ya kuivumbua mwanamfalme Liu An wa Huainan, aliyekufa mwaka 122 kabla ya Kristo (wanahistoria hawaapi kwa hadithi hiyo), wanaila asubuhi kwa kijiko ikiwa bado bonge, vilevile alivyoila mpwa wangu pale uani. Hapa kwetu Wachina wametusaidia kujenga kiwanda cha nguo cha COTEBU, kilichoacha jina lake kwa soko zima, na wataalamu wao wamefundisha mpunga kule Gihanga. Tofu hawakutuachia, au kama walituachia, hatukuwauliza inaliwaje.

Sasa nirudi kwenye ndoo, maana nisije nikaonekana naipamba. Ndoo ina matatizo. Bujumbura ni mji wa joto. Tofu iliyotoka alfajiri, ikizungushwa kwenye jua bila maji baridi, jioni inaanza kuchachuka. Mimi mwenyewe nimewahi kununua tofali la mchuuzi mwingine ambalo likikandamizwa linateleza kama samaki wa juzi, na usiku huo sikulala vizuri. Maji ya kuikalisha ni maji gani? Yamechotwa wapi? Haya si maswali ya dharau. Mama wetu alipoulizwa alionyesha sufuria ya maji aliyoyachemsha, lakini hakuna kinachomlazimu, na hakuna kinachomtofautisha na asiyechemsha. Wote wawili wana ndoo nyeupe.

Na mwenye ndoo hana pa kukaa na kuuzia. Soko kuu la Bujumbura liliungua tarehe 27 Januari 2013, na tangu hapo biashara ndogo imetawanyika kati ya Ruvumera, Kwa Siyoni, Cotebu, Jabe na barabara zenyewe. Anayeuza kwa kutembea anafukuzwa. Mwezi Machi 2022 baiskeli, pikipiki na bajaji zilizuiwa kuingia katikati ya mji, na kwa mtu anayeuza kitu kinachochacha ifikapo jioni, kupoteza baiskeli ni kupoteza nusu ya wateja. Huyu wa kwetu alibaki na mitaa anayoweza kuitembea kwa miguu. Ndiyo maana anapita Mutanga Sud, na ndiyo maana anapita saa kumi na si saa sita: anaanzia mbali.

Sitamwomba mtu yeyote ajenge kiwanda. Viwanda vimeahidiwa vingi. Ninachokiomba ni kidogo hadi kinaaibisha. Hizi alimentation zetu, karibu kila moja ina jokofu la vinywaji. Rafu yake ya chini kabisa, ile ya chupa ambazo haziishi, inatosha tofu ya siku moja ya mama mmoja: beseni lenye mfuniko, maji safi, karatasi yenye tarehe ya leo na neno moja, laini au ngumu. Mwenye duka achukue faida yake. Mama apumzishe miguu. Manispaa, badala ya kumfukuza, imtembelee uani mara moja kwa mwezi, itazame maji na moto, impe cheti cha kubandika kwenye ndoo. Hicho cheti kingetofautisha ndoo nyeupe na ndoo nyeupe.

Umeme ukikatika? Utakatika. Tofu ikiwa ndani ya maji baridi yanayobadilishwa itavuka siku, na ikifunikwa vizuri ndani ya jokofu linalofanya kazi inafika siku tatu, nne. Kuna siku niliigandisha kwenye barafu kwa kusahau, umeme ukaondoka, ikayeyuka, ukarudi, ikaganda tena. Nilipoitoa ilikuwa ya njano na ina matundu kama sponji. Nikataka kuitupa. Mpwa wangu akanizuia: Wajapani, akasema, wanafanya hivyo makusudi, na wanaikausha. Tuliitia kwenye mchuzi wa nyanya na bilinganya, ikanywa mchuzi wote. Ilikuwa tofu bora kuliko zote nilizokula mwezi ule, na iliandaliwa na mgao wa umeme.

Basi msomaji wa Mutanga Sud, Kigobe au Nyakabiga anayetaka kujua pa kwenda, nimwambie nilichokipata. Pakiti za mjini zipo, lakini soma tarehe kabla ya kusoma bei. Ukitaka ya moshi, nenda kabare yoyote inayochoma, umwambie mchomaji asitie rangi wala viungo, chumvi tu, na aiache makaa yakifa. Atakushangaa, mlipe vilevile. Ukitaka kujitengenezea, soya iko Ruvumera pamoja na maharagwe. Chagua punje nzima, isiyo na madoa, na ujue kwamba kilo moja itakupa kilo moja na nusu hadi mbili za tofu, kutegemea mkono wako na jiwe lako. Machicha usiyatupe: yanachanganywa na unga wa mahindi, kitunguu na yai, yanakaangwa. Ya ndoo ikandamize kwa kidole kabla hujalipa: ikirudi ni nzima, ikiteleza iache. Inuse. Tofu mpya inanuka kunde mbichi kwa mbali, basi.

Na ile laini, ya kijiko, haipo dukani wala haipo kwenye ndoo leo. Inaagizwa siku moja kabla, na unakwenda na bakuli lako. Mpwa wangu alirudi Brussels, na tangu aondoke tumebaki wateja wanne wa kuiagiza: mimi, jirani yangu mstaafu asiye na meno ya kutosha, na wanafunzi wawili wa Kampasi. Mama anasema tukifika kumi atatuwekea sufuria yetu.